Skrubu za Diski: Utazipata Wapi Dar es Salaam?

Kompyuta nyingi za mezani ninazofungua hapa mjini, ukitoa ubavu wa kasha unakuta diski imeshikwa na skrubu moja, au mbili ukiwa na bahati. Nyingine imelazwa tu chini ya kasha juu ya kipande cha boksi. Nimeshaona iliyofungwa kwa kamba ya kiatu, juu yake ikazungushiwa selotepu ya kahawia. Mwenye mashine atakuambia inafanya kazi, na kweli inafanya kazi. Ila humo ndani kuna hesabu za duka za miaka, picha za harusi, tasnifu ya mwanafunzi iliyobakiza sura moja, na mara nyingi hakuna nakala nyingine popote. Ndiyo maana naandika kirefu hivi kuhusu kitu kidogo kuliko punje ya hindi.

Skrubu hizi hazipotei kwa uzembe wa mtu mmoja. Kompyuta nyingi tunazotumia maofisini na kwenye steshenari zimeingia nchini zikiwa zimeshatumika. Huko zilikotoka, ofisi inapoondoa mashine zake, kitu cha kwanza kutolewa ni diski, ili siri za watu zisitoke nazo. Skrubu huondoka na diski. Mashine inashuka bandarini kizimba cha diski kikiwa kitupu, inafika Kariakoo, muuzaji anaweka diski nyingine na kuifunga kwa chochote kilicho karibu na mkono wake. Baada ya hapo mashine inapita kwa fundi huyu na yule, na kila anayeifungua anabakiza skrubu moja mezani kwake. Miaka michache tu, diski inaning'inia.

Na diski si kitu cha kuning'inia. Diski ya kawaida ya mezani huzunguka mara 7200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa kila sekunde, na kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani inayozunguka ndani yake kwa nafasi inayopimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya bilioni moja ya mita. Mwaka 2008 mhandisi Brendan Gregg, wakati huo akiwa kampuni ya kompyuta ya Sun Microsystems, alisimama mbele ya rafu ya diski akazipigia kelele kwa sauti yake mwenyewe, na grafu iliyokuwa mbele yake ikaonyesha papo hapo kwamba diski zimechelewa kujibu. Sauti ya mtu tu! Sasa fikiria diski inayogonga bati la kasha saa nane kwa siku kwa sababu imeshikwa upande mmoja.

Halafu kuna safari. Hapa kwetu kompyuta ikiharibika haipelekwi kwa fundi kwa gari lenye mto. Inapakatwa kwenye bodaboda, inawekwa miguuni kwenye bajaji, inapita mashimo ya Tandale hadi Sinza. Diski isiyofungwa inajigonga ndani kila tuta. Mtu anafika kwa fundi akilalamika Windows haiwaki, kumbe alipotoka nyumbani tatizo lilikuwa pawa saplai, kile kisanduku cha umeme, peke yake.

Jambo jingine ambalo watu hulisahau ni joto. Mwili wa diski ni alumini, na unapobanwa vizuri kwenye bati la kizimba, sehemu ya joto lake huhamia kwenye bati. Ukiilaza juu ya boksi umeivisha sweta, na Dar yenyewe mwezi wa pili haihitaji msaada wa namna hiyo.

Sasa tuje kwenye skrubu zenyewe, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ndani ya kasha moja la kompyuta kuna skrubu za aina mbili zinazofanana sana kwa jicho la haraka, na haziingiliani kabisa. Ya kwanza inaitwa 6-32. Hii ndiyo ya diski za inchi 3.5, zile kubwa za mezani, na ndiyo inayofunga pawa saplai na mara nyingi ubavu wa kasha. Ya pili ni M3, ya diski ndogo za inchi 2.5, SSD (diski zisizo na kinachozunguka) za umbo hilohilo, na mashine za kusomea CD na DVD. Madabodi, ule ubao mkuu wa umeme, hutegemea: vile viguzo vidogo vinavyoishikilia, vingine vinataka 6-32, vingine M3.

6 ni namba ya unene katika mpangilio wa Kimarekani. Unaanza na inchi 0.060, unaongeza inchi 0.013 kwa kila namba, na ukifika namba 6 unapata inchi 0.138, ambazo ni milimita 3.5. 32 ni idadi ya meno katika inchi moja. M3 ni rahisi zaidi: unene milimita 3, na kutoka jino hadi jino ni nusu milimita. Kwa hiyo ukiweka skrubu kwenye rula na kuhesabu meno ndani ya milimita 5, M3 itakupa meno 10, na 6-32 itakupa 6 na kidogo. Huhitaji kifaa cha bei. Rula ya mwanafunzi na macho yenye mwanga wa kutosha vinatosha.

Mimi nina njia nyingine ninayoipenda kuliko rula. Chukua skrubu moja unayoijua kwa hakika, ilaze ubavuni mwa ile usiyoijua, meno yatazamane, kisha inua juu kuelekea dirishani. Zikiwa za aina moja, meno ya hii yanakaa ndani ya mabonde ya ile na huoni mwanga katikati. Zikiwa tofauti, jino la kwanza linakaa, la pili linapanda juu ya mgongo wa mwenzake, na mwanga unapenya. Ukishaiona mara moja hutaisahau. Vidole navyo hujifunza: 6-32 ina meno mapana, unayahisi ukipitisha kucha, wakati M3 inateleza kama haina meno.

Ukiingiza M3 kwenye tundu la 6-32, inatumbukia, inazunguka, unadhani imeingia, kisha unaivuta kwa vidole na inatoka. Mafundi wengine huweka kipande cha mfuko wa nailoni kwenye tundu ili ibane. Siwalaumu, wana mteja amesimama mlangoni, ila sikubaliani nao. Skrubu iliyobanwa kwa nailoni hulegea kwa mtikisiko, na siku ikianguka, inaangukia kwenye madabodi yenye umeme. Chuma juu ya njia za umeme kinaweza kuunguza bodi nzima. Kinyume chake ni kibaya zaidi. 6-32 ni nene kuliko tundu la M3, na mtu akilazimisha, chuma kinakata alumini laini na kula meno ya tundu. Hapo umeharibu diski, na tundu halioti tena.

Kwa nini mashine moja ina vipimo vya nchi mbili? Ukifuata historia inaeleweka. Diski za kompyuta zilizaliwa Marekani. Ya kwanza kuuzwa ilikuwa ndani ya kompyuta ya IBM 305 RAMAC mwaka 1956, na ile ndogo ya inchi 5.25 iliyofungua njia ya kompyuta za mezani, ST-506 ya megabaiti 5, ilitoka California mwaka 1980. Ya inchi 3.5 ililetwa na kampuni ya Rodime ya Uskoti mwaka 1983, lakini soko lilikuwa Marekani, na vipimo vikabaki vya inchi. Hata upana wa diski ya 3.5 unaonyesha hivyo: ni milimita 101.6, yaani inchi 4 kamili. Meno yenyewe ya 6-32 yamo katika mfumo ambao Marekani, Uingereza na Kanada ziliutilia saini tarehe 18 Novemba 1948, baada ya taabu ya vita ambapo nati ya nchi moja haikuingia kwenye skrubu ya nchi nyingine. Upande wa pili, diski za floppy za inchi 3.5 zilitoka kwa Sony, Japani, mwaka 1981, na CD ikatoka kwa Sony na Philips ya Uholanzi. Hao ni watu wa milimita, na vifaa vya ukoo huo vinafungwa kwa M3. Kasha la kompyuta likawapokea wote wawili bila kuwapatanisha.

Na sisi Tanzania ni watu wa milimita. Hilo ndilo linaloamua utazipata wapi. Ukienda maduka ya vifaa vya ujenzi Kariakoo, mazungumzo yanakuwa hivi:

"Kaka, naomba skrubu za kufungia diski ya kompyuta."

"Za mbao au za bati?"

"Za kompyuta. Fupi, meno makubwa, unene milimita tatu na nusu."

"Hizo hatuna mkuu. Za jipsamu zipo, chukua hizo ukate."

Ananisaidia kwa nia njema kabisa. Lakini skrubu ya jipsamu ina ncha kali na inajichimbia njia yake yenyewe, na ukiipeleka kwenye diski utakuwa umechimba alumini kuelekea bodi ya umeme ya diski. M3 unaweza kuibahatisha kwenye maduka ya bolti na nati, kwa sababu ni kipimo cha milimita. 6-32 usipoteze nauli kuitafuta huko.

6-32 inapatikana kwa maiti. Namaanisha kompyuta zilizokufa. Pawa saplai nyingi za mezani zilizoungua zimefungwa nyuma ya kasha kwa skrubu nne za 6-32, na hakuna anayezihitaji tena. Ubavu wa kasha la zamani nao una zake. Fundi yeyote aliyekaa Kariakoo muda mrefu ana mkebe wa maziwa ya unga uliojaa skrubu za namna hii chini ya meza, na kwa maoni yangu mkebe ule una thamani kuliko nusu ya vitu alivyoning'iniza ukutani. Kuna mzee mmoja pande za Gerezani ambaye kazi yake ni kukata makasha ya zamani na kuuza bati. Nilipomfikia mara ya kwanza nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu. Unatafuta nini?"

"Skrubu za diski, mzee."

"Meno makubwa au madogo?"

Nilitaka kumkumbatia. Akamimina mkebe juu ya gunia, akachukua sumaku ya spika iliyoharibika akaipitisha juu, zikasimama zote. Hakuwa na habari za 6 wala 32, lakini mkono wake ulizitenga haraka kuliko macho yangu: makubwa huku, madogo kule, zilizoliwa kichwa pembeni. Bei yake ilikuwa chini ya bei ya soda, na akaniongeza za bure.

Watu wengine wa kuwauliza ni mafundi wa kamera za ulinzi. Zile mashine za kurekodia kamera hutumia diski hizihizi za inchi 3.5, na mara nyingi huja na kipakiti cha skrubu za kuifungia. Fundi akifunga diski moja anatumia nne, zinazobaki zinakaa kwenye begi lake hadi siku ya kulisafisha. Nimepata skrubu mpya kabisa kwa njia hii, bado ziko kwenye nailoni.

Na kabla hujatoka nyumbani, angalia kwanza kwenye mashine yako mwenyewe. HP wana tabia nzuri ambayo watu wengi hawaijui. Katika modeli nyingi za HP Compaq za ofisini, zile zilizojaa mjini kwetu, ukibandua uso wa plastiki wa mbele utakuta skrubu za akiba zimefungwa kwenye bati la kasha, zinakungoja. Za rangi ya fedha ni 6-32, za diski kubwa. Nyeusi ni M3, za CD na vifaa vya milimita. Zina bega kidogo chini ya kichwa, kwa sababu kwenye mashine hizo diski haikazwi kwenye bati moja kwa moja. Unafunga skrubu kwenye diski, kisha diski nzima inateleza kwenye mfereji hadi usikie mlio wa kubana. Zikikosekana hizo, skrubu ya kawaida haitashika mfereji vizuri, kwa hiyo usizigawe ovyo. Mashine yenyewe imeuzwa mara tatu, imepita kwa mafundi lukuki, na skrubu za akiba bado ziko palepale kwa sababu hakuna aliyebandua uso.

Dell Optiplex ni habari nyingine. Nyingi zinatumia fremu ya plastiki, mara nyingi ya bluu, yenye vipini vinavyoingia kwenye matundu ya ubavu wa diski bila skrubu hata moja. Fremu ikipotea, skrubu hazitakusaidia. Tafuta fremu kwa wanaouza mashine hizo kwa vipande.

Ukishaipata skrubu ya aina sahihi, bado kuna urefu. Watengenezaji wa diski huandika kina cha mwisho ambacho skrubu inaruhusiwa kuingia, na ni milimita chache tu. Skrubu za kawaida za kazi hii zina urefu wa milimita 5 au 6, na sehemu yake inaliwa na unene wa bati. Ndefu zaidi ni hatari, hasa kwenye matundu ya chini ya diski, ambako bodi ya umeme iko jirani. Nikishika skrubu ngeni, naizungusha kwa vidole kwanza bila bisibisi. Inatakiwa iingie laini mizunguko kadhaa. Ikikataa mapema, natoa, siilazimishi. Bisibisi ya nyota namba 2 ndiyo inayojaza kichwa cha 6-32. Ile ndogo ya kufungulia redio inachezacheza ndani na kula kichwa. Kaza hadi isimame, ongeza kidogo, acha. Alumini haihitaji nguvu ya kufungia tairi.

Chumvi ya bahari nayo haina mchezo. Skrubu zilizotoka kwenye mashine za Kigamboni au Kunduchi nazichunguza sana, kwa sababu nyingi zimeshika kutu shingoni, na kutu ikisagika unga wake unadondoka ndani ya kasha. Zilizo na kutu kidogo kichwani nazisugua kwa mswaki wa zamani na mafuta ya cherehani, kisha nazifuta hadi zikauke kabisa. Zilizoliwa meno natupa, hata kama zimebaki hizo tu.

Na kama tundu la diski limeshaharibika? Diski nyingi za inchi 3.5 zina matundu matatu kila ubavu na manne chini. Hamia kwenye mengine. Mbili upande huu na mbili upande ule ndiyo inavyotakiwa. Kama haiwezekani, bora tatu nzuri kuliko nne ambazo moja inazunguka bure. Baadhi ya diski mpya zenye uwezo mkubwa hazina tundu la katikati ubavuni, na kwenye vizimba fulani vya zamani hapo ndipo skrubu ilipotegemewa, kwa hiyo lipime hilo kabla hujalipia. Na kwenye diski nyingi kuna kitundu kimoja kidogo chenye maandishi ya kukataza kukiziba. Hicho ni cha diski kupumua. Usikitie skrubu, wala gundi, wala stika ya duka.

SSD za inchi 2.5 hazinipi wasiwasi mkubwa. Hazina kinachozunguka, na mtu akiniambia ameibandika SSD yake kwa gundi ya karatasi ya pande mbili sitagombana naye, ingawa mimi mwenyewe hutumia breketi, ile fremu ya kuiwekea SSD ndogo kwenye nafasi ya diski kubwa. Kinachowakwaza watu kwenye breketi ni kwamba inataka aina zote mbili: M3 kushika SSD, 6-32 kushika breketi kwenye kizimba. Vipakiti vya breketi za bei nafuu mara nyingi huchanganya skrubu zote kwenye nailoni moja bila maelezo, kwa hiyo rula ile ya mwanafunzi inarudi kazini.

Zile SSD nyembamba za M.2 zinazolala juu ya madabodi zina dunia yao. Skrubu yake kwa kawaida ni M2, ndogo sana, na bila hiyo ubao wa SSD unainuka upande mmoja kama mlango usio na komeo. Za namna hiyo tafuta kwa mafundi wa laptopu, Makumbusho au Kariakoo, kwa sababu laptopu zimejaa skrubu za M2. Lakini nenda na mashine yenyewe, si picha kwenye simu. Kwenye madabodi nyingi kuna kiguzo kinachokaa chini ya skrubu, na kama nacho kimepotea, fundi atahitaji kujaribisha mbele yako ndipo ajue urefu unaofaa.